Wamesamehe Nini

Kitongoji cha Mgunga Mmoja,
Dodoma.
Jumamosi asubuhi.

Dada yangu mpendwa Lea,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wajukuu wote wa huko Kongwa, na kwamba goti lako limepunguza ukaidi tangu baridi ianze. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Anna anakuamkia, na anasema sweta ulilomfumia limemkaa vizuri, ila mikono inaonekana ilifumwa kwa ajili ya mtu mwingine, mrefu zaidi.

Kabla ya yote, kwa masikitiko makubwa na kwa niaba ya ukoo mzima, ninalo jukumu la kukutangazia kwamba jino langu la mbele, la juu upande wa kushoto, lililokuwa likiugua tangu Kwaresima, limetutoka siku ya Jumanne saa nne asubuhi, likiwa kazini, kwenye muhindi wa kuchoma. Limeacha wenzake ishirini na sita, ambao nao hali zao si za kujivunia. Sasa nikiita mahudhurio, watoto wote wa darasa la sita ambao majina yao yanaanza na S wanaitika kwa kucheka.

Najua umeshasema, Kefa ameanza. Ni kweli nimeanza, kwa sababu ninalotaka kukuandikia halina mlango rahisi. Mara tatu umenipigia simu ukaniuliza ni nani aliyeandika ile karatasi, na mara tatu nikakuambia mtandao unakata. Mtandao haukukata, dada. Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya choo cha shule, mahali ambapo minara yote inasoma. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Barua haina kitufe cha kukatia.

Ngoja nianze mwanzo, maana huko umesikia vipande.

Mwezi wa pili walikuja vijana wa kampuni inayoitwa Tambarare Vipimo na kile chombo chao cha miguu mitatu. Walisema wametumwa kupanga makazi. Tuliwapa maji, tukawaonyesha mipaka, na Mama Yudith Ndahani, yule mjane wa mwinjilisti wetu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya korongo, akawapikia ugali wa uwele kwa mlenda. Walikula hadi mmoja akalegeza mkanda. Walipoondoka waliacha vigingi vya zege kila mahali. Kimoja kiko katikati ya shamba la zabibu la marehemu mama, safu ya nne, pale ulipokuwa ukijificha ili usitumwe kisimani nitumwe mimi. Wiki mbili baadaye tukaambiwa kwamba eneo lote kutoka kanisani hadi korongoni limekatwa viwanja vya watu wengine, na kwamba sisi, kaya arobaini na tatu, ni wavamizi.

Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Mama amezikwa pale. Aliyemzaa mama amezikwa pale. Nionyeshe sheria inayosema mtu anaweza kuvamia kaburi la bibi yake.

Mwezi wa tatu ukaitishwa mkutano, kanisani kwa kuwa hatuna chumba kingine cha kutosha. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu ndimi mwalimu wa Kiswahili na mwandiko wangu, hata wewe umewahi kukiri, unapendeza kuliko uso wangu. Kampuni ilimleta Bwana Jordan, afisa uhusiano, kijana nadhifu wa viatu vilivyochongoka kama kalamu. Alitueleza kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza kwamba maendeleo hayamngojei mtu. Mzee mmoja akamuuliza sisi tutaelekea wapi. Bwana Jordan akatabasamu, akasema watu wa huku tangu zamani tumezoea kukaa barabarani na kunyoosha mkono, kwa hiyo hadhani tutapata shida kubwa ya kuzoea.

Sikia neno hilo, dada. Alilisema ndani ya kanisa letu, mbele ya watu ambao asubuhi hiyo walikuwa wametoka kulima. Marko, yule fundi pikipiki, aliinuka na benchi mikononi. Mama Yudith akasimama, akamwambia Marko aliweke benchi chini kwa sababu ni mali ya kanisa na mguu wake mmoja tayari ni mgonjwa. Watu wakacheka kidogo, na katika kicheko hicho ndipo alipopata nafasi ya kusema.

Alisema mgeni wetu ametutukana, akawatukana na wazee wetu waliolala hapo nje. Tusi hilo tumemsamehe, sasa hivi, kabla hajaomba, kwanza kwa sababu tumeamriwa, na pili kwa sababu kulibeba kutatupotezea muda. Akasema kuhusu ardhi bado hatujaanza kuzungumza, na sasa ndiyo tunaanza. Kisha akamshika Bwana Jordan kwa maswali karibu saa nzima. Ramani imechorwa kwa idhini ya nani, makaburi yako wapi kwenye ramani, aliyesema sisi ni wavamizi alikuja lini kutuhesabu. Kijana wa watu alikunywa chupa mbili za maji na jasho likazitoa zote.

Tulitoka pale vifua mbele. Mwisho wa mwezi wa nne ikabandikwa notisi kwenye mlango wa kanisa. Ilisema kwamba kwa mujibu wa muhtasari wa kikao, wananchi wamesamehe. Basi. Nukta. Hivyo hakuna dai lolote juu ya ardhi, na watu wahame kabla mwezi wa sita haujaisha. Siku iliyofuata wakapita na rangi nyekundu kupiga X. Walipiga kwenye nyumba, kwenye tangi la maji, kwenye mlango wa kanisa. Na hili sikukuambia kwenye simu: walipiga X kwenye sementi ya kaburi la mama, juu kidogo ya jina lake. Nimesugua kwa mafuta ya taa na mchanga. Imebaki ya waridi.

Hapo kila mtu akawa na dawa yake. Marko na wenzake walitaka kung'oa vigingi vyote na kulingoja gari la kampuni korongoni. Mchungaji naye akaja kutuliza, akasema Mkristo ni upendo, tuwaombee hao watu na tunyamaze. Mama Yudith aliwakataa wote wawili. Alimwambia Marko kwamba akilichoma lile gari, watakaosomwa habari zao ni vijana wahuni wa Mgunga Mmoja, na kaburi halitatajwa. Akamjibu mchungaji kwa adabu, akianza na shikamoo ingawa anamzidi umri, jambo ambalo lilimtia mchungaji wasiwasi. Alisema yale maneno ya Paulo juu ya upendo tunayapenda harusini kwa sababu pale tunasoma sehemu ya kuvumilia, kisha tunaharakisha kwenye pilau. Palepale, mistari michache karibu, pameandikwa kwamba upendo haupati raha mbele ya uovu. Sasa yeye raha hana, kwa hiyo anadhani upendo wake bado unafanya kazi. Kumpenda Bwana Jordan, akasema, ni pamoja na kumzuia asiende kwa Mungu na dhambi ya kaya arobaini na tatu.

Aliwahi kusikia redioni habari za watu weusi wa Marekani waliokuwa wakitoka kanisani, wakiwa na nguo zao za ibada, wanakwenda moja kwa moja kuketi mahali walipokatazwa kuketi. Walipigwa, na waliendelea kuketi. Mama Yudith akasema kuketi hata sisi tunaweza. Basi kila Jumatatu na Alhamisi akina mama ishirini na kitu walipanda kirikuu, kile kigari cha mizigo cha Hasani, yule seremala Mrangi anayefanya kazi Kizota, wakashushwa Makole kwenye ofisi za kampuni, wakatandika mikeka barazani. Hawakuziba mlango. Hawakupiga kelele, isipokuwa nyimbo, na hizo, unajua mwenyewe, sauti ya pili hatuna tangu ulipoolewa. Mama Yudith aliwasalimia wafanyakazi wote kwa majina, akauliza hali za watoto wao, kisha akaulizia ardhi. Mlinzi aliyetumwa kuwafukuza aliishia kueleza habari za mtoto wake mwenye surua.

Nilimuuliza Hasani kwa nini anajitesa na mafuta yake kwa ugomvi wa Wakristo. Akaniambia habari za harusi za Paulo yeye hazijui, lakini nyumba yake nayo ina X, na ile rangi haikuuliza nani anakwenda msikitini. Kisha akaniuliza, kwa utani wake, katibu mbona wewe hupandi gari. Nikamwambia nina mtihani wa nusu muhula wa kusahihisha.

Mwezi wa tano ndipo mambo yalipoharibika. Bwana Jordan alitokea barazani na karatasi mkononi, akawasomea akina mama. Akasema kampuni haikubuni kitu. Ni nani alisimama kanisani, mbele ya watu wote, akatamka tumesamehe. Akamnyooshea Mama Yudith kidole. Akasema mama, hili neno ni la kwako.

Na kila mtu alikuwa amelisikia, dada. Hapo ndipo palipouma. Walikumbuka neno, wakasahau tusi lililosamehewa. Kufika Jumapili benchi lake kanisani lilikuwa na yeye peke yake. Walimwita Mama Msamaha, kwanza nyuma ya mgongo, halafu mbele. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikopa chumvi kwake miaka yote alimwambia kisimani kwamba wengine hupoteza mashamba kwa ulevi, sisi tumepoteza kwa mahubiri. Kirikuu kikaanza kwenda Makole na watu watano, kisha wawili, kisha yeye na Hasani.

Wewe nawe ulinipigia, ukasema mwanamke huyo ameuza kaburi la mama yetu kwa ajili ya kuonekana mtakatifu. Nami nikakujibu, ndiyo hivyo, dada. Maneno matatu. Mtandao siku hiyo ulikuwa safi kabisa.

Jumatano ya wiki hii sikuwa na kipindi cha asubuhi, nikapita shambani kwa mama. Nilimkuta Mama Yudith safu ya nne, na mkasi, anapogoa. Alikuwa ameshamaliza yake, akaona ya mama haijaguswa kwa kuwa mrithi wake, yaani mimi, ana mgongo. Kile kigingi alikuwa amekitundikia kanga yake. Nilimuuliza anapogoaje mizabibu itakayong'olewa. Akasema isipopogolewa sasa mwezi wa tisa haitazaa, na yeye hajui kutumaini akiwa amekaa mikono mapajani. Akaniomba nimshikie tawi. Nikalishika, na nikiwa nimelishika nikaona siwezi tena.

Sasa nisikilize, dada. Nitakuandikia ilivyokuwa, bila jino wala utani.

Siku ile ya mkutano nilijaza kurasa nne. Niliandika tusi kama lilivyotamkwa, niliandika jibu la Mama Yudith neno kwa neno, na maswali yake yote. Watu walipotoka, Bwana Jordan aliniita kwenye chumba cha mchungaji. Alinivutia kiti. Aliniita Mheshimiwa Katibu. Alisifu mwandiko wangu, akasema ni nadra siku hizi, kisha akasema kurasa nne ni nyingi, ofisini hawasomi, nimfupishie iwe moja. Pale yule mama aliposema wamesamehe, akasema, ishia hapo.

Nilimuuliza wamesamehe nini. Swali nililiuliza, nataka ujue hilo, na nataka ujue pia kwamba haliniokoi. Akacheka, akasema wewe ndiye mwalimu, neno linajitosheleza.

Mimi nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita. Nimewakosesha watoto wa watu alama kwa vitenzi vinavyoning'inia bila shamirisho. Mtu husamehe tusi, na mtu husamehe deni au haki yake, akaiachia moja kwa moja, na kinachotofautisha ni hilo neno moja linalofuata. Usipoliandika, msomaji atatia analolitaka. Nilijua. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na nilijua.

Ila kabla ya hapo alikuwa amenitandazia ramani mezani. Nilitafuta nyumba yangu, nikaikuta nje ya mstari, hatua thelathini hivi. Shamba la mama lilikuwa ndani. Na nilijiambia, dada yangu, kwa maneno haya haya, kwamba Lea yuko Kongwa, ana nyumba yake, hajashika mkasi wa zabibu tangu aolewe, hataliulizia. Akasema pia kamati mpya ya mji itahitaji mjumbe msomi kutoka huku. Nikaandika, Wananchi wamesamehe. Nikaweka nukta, nikatia sahihi kwa mkunjo mrefu wa mwisho, ule ninaojivunia. Watu walipouliza baadaye, nilisema niliwapa kurasa nne na kampuni ndiyo iliyokata. Wakaamini, kwa kuwa kampuni inaaminika kwa ubaya. Hasira waliyostahili kunimwagia mimi wakammwagia yeye, na mimi nikawa nakaa benchi la nyuma yake nikiimba.

Baba alinipa jina la Kefa akitegemea mwamba. Naona alilenga ule usiku mwingine wa mtume huyo, wa kukana kabla jogoo hajawika.

Nilimwambia Mama Yudith yote palepale, tawi likiwa mkononi. Hakushangaa. Alisema anajua, wiki ya tatu sasa. Sabrina, yule binti wa mapokezi wa kule Makole, alikuwa amemwonyesha karatasi yenye sahihi yangu, kwa sababu, alimwambia, hajawahi kuona mtu anayemuuliza hali ya mama yake mgonjwa mara mbili kwa wiki na kweli anangoja jibu. Wiki tatu, dada. Wiki tatu ametukanwa kisimani kwa kosa langu, jina langu likiwa mdomoni mwake, na hakulitamka.

Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. Alisema alikuwa ananitumainia, na kwamba ni kazi ya kuchosha kuliko kukaa barazani Makole, na nisidhani aliifanya kwa kutabasamu. Kuna siku alitamani kunipiga kwa huo mkasi. Alikuwa amenipa hadi Ijumaa. Baraza la ardhi linasikiliza Jumatatu shauri letu, lile lililofunguliwa baada ya notisi, na kama nisingekuja mwenyewe angenitaja mbele ya watu wote. Nikapiga magoti pale kwenye udongo, nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatisha. Akasema habari za msamaha tutazizungumza Jumapili, leo nisimame nikatafute zile kurasa nne.

Ninazo. Sikuzichoma. Nilikuwa nimezificha ndani ya jalada la mitihani ya zamani, mahali ambapo hakuna binadamu anayefungua kwa hiari. Jana nilikwenda na Hasani kwa wakili, nikaapa kiapo chenye kurasa hizo nyuma yake na jina langu mbele. Wakili aliniuliza kama naelewa kwamba naweza kufikishwa mahakamani kwa hili, na kwamba mwajiri wangu atapata taarifa. Nikamwambia naelewa. Jana jioni nikasimama kanisani kwenye mazoezi ya kwaya nikawaambia watu. Marko hakuinua benchi. Alitoka nje tu, na wengi wakamfuata. Anna hajasema nami tangu hapo, isipokuwa hizo salamu za sweta alizoniagiza nikuandikie. Tutashinda au tutashindwa, sijui. Bwana Jordan ana mawakili wawili na ramani ya rangi. Lakini Jumatatu muhtasari utasomwa mzima.

Hasani anakuja Kongwa leo kuchukua mbao, ndiye anayekuletea barua hii, na kesho mchana anarudi. Kirikuu kina nafasi ya mbele kwa ajili ya goti lako. Wewe ni mrithi kama mimi, na safu ya nne ni yako kuliko yangu. Njoo uketi barazani Jumatatu. Kama una la kunitukana lilete lote, nitalipokea, usilipunguze kwa ajili ya umri wangu.

Wasalimie shemeji na watoto, wape habari zangu kama zilivyo, usizipambe. Ukishuka kwenye gari mimi nitakuwa nimesimama kando. Usianze na mimi, dada. Mwamkie kwanza Mama Yudith.

Ni mimi mdogo wako,
Kefa Mchiwa,
niliyekuwa katibu.